Umeosha santuri na bado inakwaruza? Kagua brashi na mashine kwanza

Mwezi wa pili, ule wakati jua ni kali na vumbi iko kila mahali, nilinunua sahani moja ndogo ya 45 (inazunguka mara 45 kwa dakika) pale Kenyatta Market, Nairobi, muziki wa benga ya zamani, lebo imechakaa lakini ukiinamisha kwa mwanga unaona mifereji iko sawa kabisa. Nikaiosha kwa mashine ya kuvuta maji, ile inanyonya maji machafu kwa mkono wenye mdomo wa velveti, nikaweka sindano, ikaanza tak tak tak kama bisi kwa sufuria. Nikaosha mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila nikiosha inazidi, mpaka nikarudi kwa mzee mwenye kibanda kumuuliza kama ako na ingine ya hiyo hiyo. Hakuichukua hata mkononi. Aliniuliza tu, "Kijana, sahani umeosha. Brashi je?"

"Mzee wangu, brashi sijawahi osha."

Usiku huo niliwasha tochi ya simu nikailaza karibu na ile velveti iko kwa mdomo wa mashine, na katikati ya nyuzi kulikuwa na punje moja ya mchanga mwekundu, ndogo kuliko mbegu ya terere, imekwama kabisa, imezungukwa na manyoya ya karatasi na kitu cheusi kama masizi. Hiyo punje ndio nilikuwa nikiizungusha juu ya sahani mara nne zote. Tangu hiyo siku sioshi santuri yoyote kabla sijaangalia kifaa, na watu wakiniuliza mbona rekodi yao inapiga kelele baada ya kuoshwa, swali langu la kwanza ni lile la mzee.

Brashi haimalizi uchafu, inauhamisha tu. Unatoka kwa sahani unaingia kwa brashi, na kama hakuna mtu anautoa kwa brashi basi unarudi kwa sahani inayofuata. Mfereji wa santuri upana wake ni kama 0.05 mm, unywele wa kichwa kwa kawaida ni mnene kuliko hapo, kwa hivyo kitu ambacho jicho halioni kinatosha kufanya sindano iruke. Na vumbi letu hapa Nairobi si lile la kupanguza na kusahau, ni udongo mwekundu, simiti ya majengo, masizi ya magari, moshi wa jiko, na mchanga na simiti ni mawe jamani, vinyl ya santuri ni plastiki laini.

Kabla ya yote, jua kama ni uchafu ama ni mkwaruzo

Sikiliza mpigo. Kama ile "tak" inarudi kwa muda ule ule kila mzunguko, yaani kama kila sekunde 1.8 kwa santuri ya 33 ama sekunde 1.3 hivi kwa ya 45, huo ni mkwaruzo unaokata mifereji na hakuna brashi itautoa. Kama kelele zinakuja ovyo ovyo, mara nyingi hapa mara kidogo pale, huo ni uchafu ama umeme tuli, na hapo ndio kuna kazi ya kufanya.

Halafu fanya jaribio moja ambalo watu hawapendi juu linachukua muda. Tafuta santuri unayoijua vizuri, ile inacheza kimya, cheza dakika mbili za mwanzo usikilize ile sehemu kabla muziki uanze. Ioshe kama unavyoosha zingine zote. Cheza tena pale pale. Ikiwa imeongeza kelele basi umepata jibu, kifaa ndio kinachafua. Sasa badilisha kitu kimoja kimoja, leo maji, kesho brashi, kesho kutwa kitambaa, usibadilishe vyote pamoja juu hutajua ni gani ilikuwa na shida. Na chagua santuri ambayo ukiipoteza hutalia, usifanye hili jaribio na ile ya marehemu baba.

Brashi ya kaboni inaacha mstari wa vumbi juu ya santuri

Hii ndio dalili ya kawaida kabisa. Unazungusha santuri, unashika brashi juu yake mizunguko miwili mitatu, unainua, na pale ulipoinua kuna mstari mwembamba wa vumbi umelala kama mtu amechora na chaki.

Mara nyingi sababu ni brashi imejaa. Zile nyuzi za kaboni zinabeba vumbi kidogo tu kisha zinaanza kuirudisha, na kama unatumia brashi hiyo hiyo kwa santuri kumi bila kuitoa vumbi hata mara moja, kuanzia ya pili ama ya tatu huko unapaka tu. Brashi nyingi ziko na kibao ama mkono unaozunguka katikati ya nyuzi, hiyo kazi yake ndio hiyo, upitishe mara mbili tatu kabla ya kila upande, na ufanye hivyo mbali na pleya, si juu yake, kwa sababu vumbi inaanguka pale pale kwa mati, ile inayolala chini ya santuri.

Ikiwa umeitoa vumbi na bado inaacha mstari, angalia mambo mawili. Moja, umegusa nyuzi na vidole? Mafuta ya ngozi yanafanya nyuzi zishikane na zikishikana haziingii kwa mifereji, zinateleza juu. Chovya ncha tu kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi), nusu kwa nusu inatosha, tikisa, acha ikauke yenyewe, usipanguze na taulo. Mbili, ni umeme tuli. Kaboni inapitisha umeme na hiyo ndio sababu inatumika, chaji inatoka kwa santuri inapitia kwa mkono wako, lakini hiyo inawezekana tu kama umeshika ile sehemu ya chuma. Ukishika mkono wa plastiki chaji inabaki, na vumbi inarudi kwa santuri kama inaitwa. Kati ya Januari na mwanzo wa Machi kabla mvua ya masika hewa ni kavu na hii shida inazidi, Julai wakati wa baridi na mawingu inapungua sana, mpaka mtu anadhani ameisuluhisha.

Na usipulize brashi na mdomo. Mate yanafika kwa nyuzi hata kama huyaoni. Nunua ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia lenzi za kamera, ni bei ya chini na itakaa miaka.

Michirizi myembamba ya duara baada ya kuosha kwa mashine

Hapa ndipo nilipoumia mimi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiona michirizi kama nywele inayofuata mzunguko wa sahani, na haikuwepo kabla, simamisha kila kitu. Usioshe nyingine hata moja. Chomoa mashine kwa stima, toa ule mkono wa kuvuta maji, na uangalie velveti kwa tochi iliyolazwa pembeni, si iliyosimama juu, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaonyesha kitu kilichoinuka. Pitisha pia ukucha polepole juu ya velveti, bila kubonyeza. Kama kuna punje utaisikia kabla ya kuiona.

Velveti ikiwa bado nene na imesimama, ioshe. Tumia mswaki mpya laini ambao haujaguswa na dawa ya meno, maji yaliyotoneshwa, na sugua ukitoka katikati kwenda nje ili uchafu usiingie kwa ule mwanya wa kuvutia. Suuza, sugua tena, suuza, acha ikauke kabisa. Watu wengine hutumia selotepu kunasa manyoya, na ni kweli inanasa, lakini inaweza kuacha gundi kwa velveti, na gundi ikiingia kwa mfereji utatamani ungebaki na vumbi. Mimi siitumii.

Kama velveti imelala, imeng'aa, ama imeanza kutoka pembeni, hiyo imekwisha, badilisha. Nilijaribu kuokoa yangu kwa mvuke wa sufuria, ikasimama siku mbili ikalala tena. Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu, nyingi ni vipande vya kubandika, toa ya zamani, safisha gundi yote iliyobaki kwa isopropili, kausha, bandika mpya ikiwa imenyooka kabisa. Ikikaa mshazari inavuta upande mmoja tu.

Lakini velveti inatoa mchanga wapi? Inatoa kwa santuri ambayo uliiweka kwa mashine ikiwa na tope. Hili ndio kosa lenyewe. Santuri iliyokaa kwa stoo miaka ishirini haifai kukutana na velveti ikiwa kavu na chafu. Kwanza ipulize kwa ile pampu ya mpira, kisha brashi ya kaboni, kisha iloweshe kwa brashi yake ya kwanza, na hiyo brashi ya kwanza iwe ni ya santuri chafu pekee, iwekwe alama ya rangi kwa mkono. Mimi niko na brashi mbili za kuloweshea, yenye mkanda mwekundu ni ya uchafu wa kwanza, isiyo na mkanda ni ya kusuuza, na hata mgeni akija kunisaidia hiyo ndio kitu ya kwanza namwonyesha.

Zile mashine za Keith Monks za Uingereza, ambazo BBC walizitumia, hazina velveti kabisa kwa mdomo, ziko na uzi unaosogea polepole wakati wa kuvuta ili mdomo ukutane na uzi ambao haujatumika. Aliyebuni hiyo alikuwa anajua vizuri kwamba kitu kinachogusa santuri ndio cha kwanza kuangaliwa. Sisi wenye velveti lazima tufanye kwa mkono kile uzi unafanya wenyewe.

Upande A umetulia, upande B una kelele

Watu wengi hawajawahi kufikiria hii. Unaosha upande A, ukigeuza unaweka upande A uliosafishwa juu ya mati ile ile ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa imebeba upande B ukiwa na vumbi yake yote. Kwa hivyo A inachafuka ukiosha B, na ukigeuza tena kuhakikisha, sasa B inachafuka. Unaweza zunguka hivyo usiku kucha.

Dawa yake ni mati mbili. Moja ya upande mchafu, moja ya upande safi, na unabadilisha wakati wa kugeuza. Mati za kizibo zinamwaga punje zikizeeka, mpira ama foam laini inaoshwa kirahisi chini ya bomba. Kama mashine yako iko na kikalio kidogo cha santuri kinachoshika lebo pekee basi shida hii huna, lakini angalia ile klampu ya juu inayobana santuri, mpira wake unakusanya karatasi za lebo.

Maji yanabaki, mashine haivuti kama zamani

Kabla ya kulaumu mota, toa maji machafu. Tenki ikijaa mashine inapoteza nguvu, na ikijaa zaidi maji yanaweza fika kwa mota, na hapo si usafi tena ni fundi wa stima. Kama tenki iko tupu, angalia mwanya wa mkono wa kuvuta, manyoya yanajipanga humo ndani kama kamba. Chomoa stima, pitisha kijiti cha meno cha mbao, si waya wala sindano juu vinakwaruza ndani na kuacha mahali uchafu utashika. Kama mwanya uko wazi basi velveti imechakaa na haizibi, hewa inaingia pembeni. Na kama inavuta vizuri upande mmoja pekee wa santuri, hiyo santuri imepinda, mashine haina makosa.

Tenki yenyewe isikae na maji usiku. Mimina, suuza, acha bomba lake wazi likauke. Ukisikia harufu kama ya kitambaa cha vyombo kilicholala na maji, kuna utelezi umeota ndani, weka maji na isopropili kidogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka harufu iishe.

Kuna kitu cheupe kama unga baada ya santuri kukauka

Hayo ni maji yako. Maji ya bwawa la Ndakaini yanayokuja Nairobi yenyewe si mabaya, lakini yanapita kwa mabomba ya zamani yanakaa kwa tenki juu ya nyumba, na huko chini ya tenki kuna mchanga na kutu. Na kama ploti yenu inatumia bohoo (kisima kirefu cha kuchimbwa) ni mbaya zaidi, maji ya bohoo mengi yana chumvi chumvi nyingi, angalia tu ndani ya birika. Yakikauka kwa santuri chumvi inabaki ndani ya mfereji, na inabaki pia kwa brashi, kwa velveti, kwa beseni, kwa hivyo hata ukibadilisha maji leo kifaa bado kinatoa chumvi ya jana mpaka ukisuuze.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Petroli stesheni wanauza kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri, kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na zinaweza kuwa zimepangwa kwa rafu moja. Asidi usiilete karibu na nyumba kwa hii kazi. Kama unamjua mtu anauza filta za maji muombe akupimie na ile kalamu ya kupima chumvi, maji mazuri yanasoma karibu na sifuri.

Sababu nyingine ya huo weupe ni sabuni. Ya vyombo iko na rangi na manukato, na mtu anaweka kijiko kizima. Kama ni lazima utumie, tone moja kwa lita, halafu usuuze na maji matupu, na brashi ya kusuuza isiwe ile ya sabuni. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa pia ina shida, zingine zimeongezwa mafuta na harufu, na spiriti ile ya rangi ndio kabisa usiguse. Tafuta isopropili tupu, na uiweke mbali na jiko na kiberiti, mvuke wake unashika moto haraka.

Beseni la kuzungushia lina tope chini

Mwaga. Hakuna ujanja hapa. Hilo beseni lenye brashi mbili ndani, ambalo unazungusha santuri humo kwa mkono, linafanya kazi kwa sababu uchafu unazama, lakini kila santuri unayoingiza inautibua. Ukiona chembe chini kwa tochi, hayo maji yamekwisha. Anza na zilizo safi zaidi umalize na chafu, toa brashi zikauke zikiwa zimesimama, na usihifadhi maji kwa chupa ati utatumia wiki ijayo.

Wenye mashine za ultrasoniki, zile zinaosha kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji, ni hivyo hivyo, maji yakiwa na ukungu filta imeziba ama maji yamechoka. Usiyapashe zaidi ya kama nyuzijoto 35, santuri inapinda, na usiweke isopropili nyingi humo, maji yenye mvuke wa alkoholi karibu na stima ni hatari ya moto. Kujua kama bado inafanya kazi chovya kipande cha foili kwa dakika moja hivi, kikitoka na vishimo vidogo iko sawa.

Santuri iko safi lakini sindano inakusanya manyoya

Hapa kifaa chenye makosa ni kitambaa cha kupanguzia ama bahasha ya kuwekea santuri. Mikrofaiba ikifuliwa pamoja na taulo inabeba nyuzi za taulo, ikifuliwa na softena inapata tabaka la mafuta, na ikianikwa kwa kamba inayoangalia barabara ya vumbi inarudi ndani ikiwa chafu kuliko ilivyotoka. Mimi naishi mtaa ambao barabara bado inajengwa, nilikuwa naanika balkoni, na siku moja nilikunja kitambaa kilichokauka nikakipiga karatasi nyeupe, karatasi ikawa na madoa mekundu mekundu. Sasa vinafuliwa peke yao kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato na vinakauka ndani ya bafu mlango ukiwa umefungwa.

Bahasha ni hivi, zile za karatasi za zamani zinamwaga unga na manyoya kila ukitoa sahani. Ukirudisha santuri iliyooshwa ndani ya bahasha ile ile umefanya kazi bure. Usitupe ya zamani kama ina maandishi ama muhuri wa duka la River Road ya Nairobi, hiyo ni historia, iweke nyuma ya jaketi (kava ya nje) ikiwa tupu, na santuri ikae kwa bahasha mpya yenye plastiki laini ndani.

Brashi ya sindano nayo inatoka nyuma kwenda mbele peke yake, ukirudisha ama ukienda pembeni unaweza pinda ule mkono mdogo unaoshika sindano. Ile jeli ya kuchovyea sindano ikianza kuwa na vumbi juu, ioshe na maji yaliyotoneshwa iachwe ikauke ikiwa imefunikwa na bakuli. Ikiwa na vumbi inapaka sindano, haisafishi.

Ukungu, na zile sahani nzito za 78

Santuri yenye ukungu, hasa zile zinatoka Mombasa ama kwa stoo yenye unyevu, iwe na brashi yake na kitambaa chake, na ikiwezekana ioshwe nje ya chumba cha muziki. Mbegu za ukungu zikiingia kwa brashi ya kawaida unazigawia mkusanyiko wote. Baada ya kazi brashi hiyo ikae kwa isopropili dakika chache, ikauke, ifungwe kwa mfuko wake.

Zile za 78 nyingi ni za shelaki, si vinyl, na alkoholi inayeyusha shelaki. Brashi ambayo imeloweshwa na isopropili isiziguse hata kama unadhani imekauka. Mimi brashi ya 78 iko kwa droo tofauti kabisa na za vinyl, imefungwa kwa kipande cha leso safi, na chupa ya isopropili haiingii kwa hiyo droo.